Siku niliyogeuka ng'ombe wa Mswisi kwenye reunion ya wazungu Houston

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo nimeshaitikia kabla hamjaamkia.

Ninachoandika hapa kilinikuta mimi mwenyewe, Texas, na ni kweli tupu. Chumvi ipo kidogo tu, ile ya kupikia. Wale wa "hii chai" karibuni sana, ila kila mtu aje na andazi lake.

Shule sina, nawaambia mapema. Mwalimu wa darasa la sita alinishauri nipumzike, nimepumzika mpaka leo. Ukiona nimekosea kuandika, wewe soma mbele.

Miaka ya tisini inaishiaishia hivi, nilikuwa nakaa Dallas, mitaa ya Vickery Meadow. Magorofa yamebanana mpaka jirani akikata kitunguu, machozi unatoa wewe. Ukifungua dirisha unasikia lugha zote alizoumba Mungu na nyingine mbili ambazo bado yuko kwenye majaribio.

Kulikuwa na dada mmoja Mkenya, Wanjiru, nesi, anakaa Carrollton. Tunasali naye. Huyo ndo aliniambia kuna mzee wa kizungu kule Lewisville, nje kidogo ya Dallas, anatafuta mtu wa kukaa naye nyumbani. Kumpikia, kumshika mkono akienda kuoga, kumkumbusha dawa. Wanjiru mwenyewe alikuwa anapitaga kumpima presha.

"Ni mzee poa sana," akaniambia, "shida ni stori. Aki huyo mzee anaongea! Watu wanahepa hiyo job juu ya stori."

Nikamwambia dada yangu, hiyo kazi iliumbwa siku moja na mimi.

Basi nikahamia Lewisville.

Mzee anaitwa Walter. Mrefu, mifupa mitupu, kofia ya kauboi haitoki kichwani hata akiwa na nguo za kulalia. Masikio yanasikia anachotaka tu. Siku ya kwanza kabla sijaweka begi chini akaniuliza, "Unamjua Babu Uli?"

Nikasema simjui.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Nilinyanyuka jua limezama na begi bado liko mkononi.

Sasa wakuu, huyu Babu Uli ndo mzizi wa uzi huu. Jina la ukoo wao silitaji, maana lina herufi nyingi kama mzigo wa kuni na zote zinagombana. Mimi nauita ukoo wa Babu Uli.

Babu Uli alikuwa Mswisi. Na si babu wa juzi. Alikuja Amerika enzi ambazo nchi bado koloni la mfalme wa Uingereza. Rais hakuna, barabara hakuna, kiyoyozi ndo usiseme. Katoka zake milimani Uswisi, kashuka na mto mpaka baharini, kapanda meli wiki na wiki anakula mkate mgumu wenye wadudu, kashukia Philadelphia. Kafika hana kitu, ikabidi amtumikie mkulima mmoja miaka kadhaa ndo alipie ile safari. Alipomaliza akapata kashamba kake Pennsylvania, akaoa, akazaa.

Watoto wakateremka Carolina. Wajukuu wakasogea Tennessee. Waliofuata wakaja kudondokea Texas, wakachoka, wakakaa.

Nikamwambia, "Mzee, hawa watu wako ni Wanyamwezi kabisa."

"Hao ni akina nani?"

"Ni sisi. Watu wa Tabora. Babu zetu walitembea na mizigo kichwani mpaka pwani na kurudi. Ukimwambia Mnyamwezi akae sehemu moja unamuumiza magoti."

Akafurahi huyo! Tangu siku hiyo tukawa tunashindana. Yeye anasema kwao Uswisi mlima umesimama wima, kuku akitaga juu yai linaokotwa kijiji cha chini. Mimi namwambia kwetu Tabora nyuki wakubwa, wakija kwenye mzinga wanabisha hodi. Yeye anasema Babu Uli alimpiga dubu ngumi. Mimi nasema babu yangu alimpiga simba, tena alikuwa amebeba pembe ya tembo na hakuitua. Wanjiru akija kupima presha anatukuta wote iko juu.

Kitu pekee cha Babu Uli kilichobaki kilikuwa kengele. Kengele ya ng'ombe, zile wanazofunga shingoni milimani kule ng'ombe asipotee kwenye ukungu. Kubwa kama sufuria la kupikia msosi wa kipaimara, mkanda wake wa ngozi umekauka kama samaki wa Kigoma. Mzee aliitundika mlango wa jikoni. Akinihitaji anaichapa na fimbo yake, ngwaaang! Popote nilipo, iwe chooni, iwe nimelala, napiga kelele kwa Kiswahili, "Naja Mzee!"

Na yeye Kiswahili chake chote alichojua ndo hicho. Akichelewa kuitwa na daktari anajisemea mwenyewe, "Naja Mzee, naja Mzee."

Sasa sikilizeni penye tatizo.

Mzee Walter alikuwa na mdogo wake wa kike, Bibi Lottie, anakaa Houston. Wamebaki wawili tu kwenye tumbo lao. Na walikuwa hawaongei. Miaka mingi! Kisa ni hiyo kengele.

Mzee siku zote husema Babu Uli alihama kwao kwa ajili ya imani. Alikatazwa kusali anavyotaka, akasema basi nachukua Biblia yangu nakwenda. Hiyo ndo stori, na ameisimulia kanisani, imeandikwa mpaka kwenye keki.

Basi mwaka mmoja kwenye reunion, ule mkutano wa ukoo, huko Houston, mchungaji yupo mezani, Bibi Lottie akatikisa kichwa, akasema, "Walter, mtu anayehama kwa ajili ya imani anaondoka na Biblia. Kengele ya ng'ombe ya nini? Babu Uli alimwiba ng'ombe wa jirani, wakala nyama njiani, ikabaki kengele. Kila mtu anajua."

Wakuu, Mzee alisimama na sahani ikiwa nusu. Akachomoa kengele iliyotundikwa ukutani pale, akaingia kwenye gari, akarudi Dallas bila kuaga.

Tangu hapo ukoo ukakatika vipande viwili. Wa Dallas wanakutana Lewisville pale ziwani, wa Houston kwao. Na wanakutana Jumamosi moja ileile, kusudi mtu asiweze kwenda kote. Mnaona roho mbaya ilivyopangwa vizuri?

Mwaka wa pili wa mimi kukaa pale, simu ikalia. Binti yake Bibi Lottie. Mama ametoka hospitali, moyo. Daktari kamkataza safari kabisa. Anauliza kitu kimoja tu: kengele bado inalia?

Mzee akajibu, "Mwambie inalia." Akakata.

Kesho yake hakuigonga. Kesho kutwa hakuigonga. Anakaa kwenye kiti anaiangalia tu, akihitaji maji anajikokota mwenyewe. Mimi nimezoea kuitwa na kengele, nikawa kama mlinzi asiye na geti. Wanjiru akaja kumpima, akaangalia kile kidude, akaniangalia mimi.

"Huyu anataka kuona sister yake," akaniambia jikoni. "Na hatasema. Mwanaume ni mwanaume hata akiwa na miaka mia."

"Mimi nitamsemesha," nikasema.

"Wewe Mbongo, achana na hiyo maneno. Hiyo ni family yao. Utafutwa kazi uje kulala kwa sofa yangu, na sofa sina."

Wakuu, hapa nisimame kidogo kwa wale waliozaliwa juzi.

Kwetu kuna kitu kinaitwa utani. Sio masihara ya kawaida. Ni kabila na kabila. Sisi Wanyamwezi tuna utani na Wagogo, tuna utani na Wazaramo, karibu kote babu zetu walikopita na mizigo, wakaomba maji, wakala chakula cha watu. Mtani wako anakutukana huruhusiwi kununa. Hata msibani! Baba yangu mdogo alikuwa anaitwa misibani kwa Wagogo, anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anajilaza kaburini anakataa kutoka mpaka wafiwa watoe kitu. Watu wanalia huku wanacheka. Na watu waliogombana, mtani ndo anawapatanisha, maana yeye peke yake anaruhusiwa kusema lolote.

Nikawaza. Mimi nimepita nchi ya hawa watu. Nimeomba maji yao. Chakula chao ndo nakula kila siku. Sasa mimi si mtani wao ni nani?

Asubuhi nikampelekea Mzee mayai yake, nikaweka mezani, nikasema, "Kula, mwoga wewe."

Uma ukasimama hewani. "Umesemaje?"

"Mwoga. Babu yako kapiga dubu, wewe unakimbia kabibi kamoja kagonjwa. Huo urefu ulipewa wa nini, kuona mbali unapokimbilia?"

Akawa mwekundu kama nyanya. Nikajua leo naenda kutafuta sofa. Haraka haraka nikamweleza habari ya utani, kwamba kwetu hii ni heshima, kwamba nimemfanya ndugu.

Akafikiri. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo wewe unaweza kunitukana na mimi siwezi kukufukuza?"

"Ndiyo Mzee. Na wewe unanitukana."

"Ninachotaka?"

"Unachotaka."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Maganga, mayai yako yana ladha ya soksi. Nilitaka kukwambia tangu mwezi wa kwanza."

Alicheka mpaka meno yakachomoka. Akayachukua, akayarudisha, akasema, "Jumamosi washa gari."

Jumamosi, ileile ya reunion, Wanjiru hakuwa na shift, akaja. Alisema anakuja kwa ajili ya presha ya Mzee. Uongo. Alikuja kuniona nikifukuzwa.

Gari la Mzee lilikuwa refu, wewe ukifika Houston taa za nyuma bado ziko Dallas. Wanjiru ana-drive, mimi nyuma, Mzee mbele kapakata kengele mapajani. Barabara ya 45 ikipata kashimo tu, ngwang! Na mimi kwa mazoea, "Naja Mzee!" Wanjiru akasema nikiitika tena ananishusha.

Kufika Corsicana, Mzee akasema turudi, kasahau dawa. Nikamwonyesha dawa.

Mbele kidogo akasema turudi, kaacha jiko linawaka. Nikamwambia jikoni napika mimi na leo tumekula mkate mkavu.

Huntsville tukasimama kuweka mafuta. Akashuka, akakaa kwenye benchi nje ya duka, akakumbatia kengele. Haingii garini.

Nikakaa pembeni yake. Jua linachoma mpaka kivuli changu kinatafuta kivuli.

"Asipotaka kuniona je?" akasema. Sauti ndogo, wakuu. Mtu mrefu vile.

Hapo kama ni mtu wa kawaida angemwambia pole. Mimi mtani. Nikamwambia, "Akikataa kukuona namwelewa, hata mimi nisingelipwa nisingekuangalia."

Akaguna. Akanipiga na kofia. Akaingia garini.

Houston tukakuta nyumba kubwa, uwanja wa nyuma umejaa watu, moshi wa nyama, meza ndefu, watoto wanakimbizana na mipira ya maji. Hewa ya kule nzito, unaweza kuikata ukafunga take away. Tulipotokea pale kwenye kona, Mzee kanishika mkono na kengele kwapani, muziki ukazimwa. Ukoo mzima ukageuka.

Bibi Lottie alikuwa chini ya turubai, kwenye kiti cha magurudumu, kadogo kama kifaranga, shali mabegani kwenye joto lile. Akamwona kaka yake. Akakaza shali.

Mzee akamwona. Akakaa kwenye kiti cha karibu, upande wa pili wa uwanja.

Binti wa Bibi akaleta soda. Watu wanaangalia viatu vyao. Dakika zinapita. Mzee ananiambia taratibu, "Nimemwona. Twende nyumbani."

Yaani tumevuka Texas nzima turudi na salamu za macho? Moyo ukaniambia, Maganga, hapa ni msibani ila maiti wawili wamekaa kwenye viti. Fanya kazi yako.

Nikachomoa kengele mapajani kwa Mzee. Nikajivalisha shingoni.

Nikapiga magoti na mikono chini kwenye majani.

"MOOOOO!"

Nikaanza kutembea, ngwang, ngwang, nikielekea katikati ya uwanja. Nikainama nikang'ata majani. Nikatafuna kweli. Nikamlamba mkono jamaa mmoja mnene aliyeshika mbavu ya nguruwe.

Nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Mimi ni ng'ombe wa Babu Uli! Nimetembea kutoka Uswisi, kwato zimeisha! Mwenye mimi aje anichukue! Niliibiwa? Nilinunuliwa? Semeni, nimechoka kugombaniwa!"

Kwetu, wakuu, hapo watu wangeshaanguka kwa kicheko. Ila kwetu kila mtu anajua mtani ni nani. Mimi nilisahau kwamba pale hakuna aliyeambiwa! Wanaona tu Mwafrika kavaa kengele anakula bustani. Mama mmoja akavuta watoto nyuma. Yule jamaa mnene akaweka mbavu chini, akafuta mikono, akaanza kunijia. Wanjiru kajifunika uso na mkoba, nasikia, "Yesu, Yesu, simjui huyu mtu."

Jamaa kanishika kola. Nikajua leo ndo leo.

Ndo ikatoka sauti nyembamba chini ya turubai.

"Mwache. Huyo ng'ombe amekonda mno. Babu Uli asingemwiba huyo."

Na upande wa pili, Mzee akaruka kwenye kiti kama kijana. "HAKUMWIBA! Ng'ombe alimfuata mwenyewe!"

"Alimfuata?" Bibi akasema. "Mpaka wapi?"

"Mpaka mtoni! Babu Uli anaondoka na Biblia yake, ng'ombe anampenda, akamfuata. Angefanyaje?"

"Angemrudisha kwa mwenyewe, Walter."

"Hakutaka kurudi! Na yeye alikuwa na imani!"

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe!"

Bibi midomo inamtetemeka. Nikadhani analia. Kumbe kicheko kinatafuta mlango. "Kwa hiyo," akasema, "ng'ombe aliokoka."

Wakuu, uwanja ulipasuka. Yule jamaa mnene aliniachia kola akashika tumbo lake mwenyewe. Wanjiru akatoa mkoba usoni. Mzee anacheka, kasimama, anatembea bila fimbo, bila mimi, anavuka uwanja. Na Bibi anasukuma magurudumu mwenyewe, binti anamkimbilia, anamfukuza na shali.

Wakakutana pale nilipo, mimi bado niko chini, jani mdomoni.

"Nani alikwambia ile habari ya wizi?" Mzee akamuuliza.

"Bibi yetu. Wakati ananisuka nywele."

"Bibi huyohuyo aliniambia mimi ni imani! Akinipeleka kanisani!"

Wakaangaliana. Bibi Lottie akasema, "Wewe ulikuwa mtoto unaogopa giza, akakupa mtakatifu. Mimi sikuogopa kitu, akanipa mwizi."

"Na ukweli upi?"

"Alikufa nao, Walter."

Mzee akanyoosha mkono achukue kengele shingoni kwangu. Nikarudi nyuma. "Moo. Haitoki bure. Mtani hadai pesa. Nataka mle sahani moja, wote wawili, hapa hapa, naangalia."

Ikaletwa sahani moja. Nyama, maharage, mkate wa mahindi. Bibi akamkatia kaka yake nyama vipande vidogo vidogo kwa sababu meno yake anayajua, akampa uma. Mzee akala. Akasema ina chumvi nyingi. Bibi akasema kula nyamaza, uliacha nusu siku ile, unamalizia.

Ndo nikavua kengele.

Baada ya hapo reunion ikawa moja. Mwaka huu Houston, mwaka unaofuata Lewisville, na kengele inasafiri barabara ya 45 kama mjumbe. Na mimi nikawa na cheo, mtani wa ukoo. Wale wazungu walijifunza kunitukana vizuri sana, wengine walizidisha.

Mzee Walter alikuja kufariki usingizini, miaka ya elfu mbili imeshaanza, kashiba miaka. Aliyenipigia simu ni Bibi Lottie mwenyewe. Daktari wa moyo alishasahaulika huko.

"Maganga," akasema, "njoo ufanye kazi yako."

Nikaenda. Nikavaa kofia ya Mzee, nikatembea kama Mzee, nikamwambia mchungaji mahubiri yake ni marefu mno, kama Mzee alivyokuwa anamwambia. Watu wanalia, watu wanacheka. Kaburini Bibi Lottie akaletewa kengele, akaomba fimbo ya kaka yake, akaichapa mara moja, kwa nguvu. Ngwaaang!

Mimi, wallahi bila kufikiri, kwa mazoea yangu ya Lewisville, nikapaza sauti mbele ya kaburi: "NAJA MZEE!"

Bibi Lottie akanigeukia na jicho la machozi.

"Wewe bado," akasema. "Kaa hapa kwanza, kuna nani mwingine wa kutukana?"

Nipo mpaka leo, wakuu.

Nilichoshika mimi ni hiki: ukiona ndugu wamenuniana, usiwatafutie hakimu kwanza, watafutie mtani. Na kama kwenu hayupo, vaa kengele mwenyewe. Magoti yataumia, ila nyasi za Houston si mbaya, zina kaladha ka mchicha.

Haya, Wagogo mliomo humu najua mnajiandaa, tukaneni nawasubiri. Wengine tuambieni, huko mliko nje ya nchi watani wenu ni akina nani, na kwenye ukoo wenu ni nani aliiba ng'ombe? Uwanja wenu.